Tusimshukuru Wangari kwa Miti Peke Yake

Somo la vikundi vya akina mama na jumuiya ndogo ndogo



Kila mwaka tarehe 3 Machi Umoja wa Afrika huadhimisha Siku ya Mazingira ya Afrika pamoja na Siku ya Wangari Maathai. Katika parokia yetu siku hiyo ina desturi yake. Watoto wa shule wanakuja na miche, Padre anabariki, mwenyekiti anasema Wangari alikuwa mama wa miti, tunapiga makofi, tunapanda, tunakunywa soda, kisha kila mtu anashika njia yake. Mwaka huu nilibaki nyuma nikikusanya majembe, nikamkuta mama mmoja wa kikundi chetu ameketi peke yake kando ya wilbaro. Nikamwuliza kama ni mgonjwa. Akasema, "La, mwalimu. Nawaza tu. Leo nimepanda mti wa kanisa. Ile yangu ya nyumbani ilikatwa wiki jana na mimi sikuambiwa."

Hiyo yake ilikuwa miti 31 ya mukima. Aliotesha mbegu mwenyewe, akaibebea maji kutoka mtoni wakati wa kiangazi, akaizungushia miiba mbuzi wasiifikie. Sasa ni miaka 12. Siku ya kukatwa alikuwa amempeleka mjukuu kliniki. Kurudi akakuta visiki na alama za magurudumu ya lori. Mzee wake akamwambia, "Shamba ni langu, na mti uko shambani." Pesa alishika mzee. Na nyinyi mnaomfahamu mwanamke wa kijijini mtanielewa nikisema kwamba hakulalamika sana juu ya pesa. Alichosema ni, "Hata kuniuliza tu, mwalimu?"

Basi nikaona nibadilishe somo nililokuwa nimeliandaa. Lilikuwa juu ya mbolea ya samadi, litakuja mwezi ujao. Mwezi huu tumsome Wangari tena, lakini tumsome vizuri. Tumempa jina la mama wa miti, na ni jina zuri. Lakini Wangari hakuanza na miti. Alianza na wanawake waliokosa kuni na maji, na kwa miaka yote aliuliza ni nani anafanya kazi na ni nani anasikizwa. Sehemu hii tunaisahau siku ya soda.

Mkianza mkutano, someni Luka 17:11-19, wale watu 10 wenye ukoma. Wote waliponywa, mmoja tu akarudi kushukuru. Mimi nikisoma hapo nafikiri kwamba hata wale tisa walifurahi. Lakini yule mmoja alisimama njiani kwanza, akajiangalia, akaona ametendewa nini. Hilo ndilo tunataka kufanya hapa: kusimama na kuangalia.

Swali la kaka yake

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 huko Ihithe, Nyeri. Siku hizo wasichana wengi wa kijijini hawakupelekwa shule, na yeye alikuwa nyumbani akimsaidia mamake. Siku moja kaka yake, Nderitu, akamwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao wavulana. Mama akafikiri, akaona hakuna sababu ya kumzuia. Hivyo ndivyo msichana wa miaka 8 alivyoingia darasani.

Napenda sana kusimulia hadithi hii kwenye vikundi vyenye wanaume, kwa sababu kuna wanaodhani haki za wanawake ni vita vilivyoletwa na mabibi wa Nairobi. Hapa aliyeuliza swali la kwanza alikuwa mvulana wa shule, nyumbani kwao, jikoni labda. Na aliyeamua ni mama mkulima.

Akiwa na miaka 11 alipelekwa bweni katika shule ya St. Cecilia's, Mathari Mission, kwa masista wa Consolata. Huko ndiko alikokuwa Mkatoliki, akajiunga na Lejio ya Maria (nasema ile ya ndani ya Kanisa letu, si lile kanisa lingine lenye jina la kufanana). Katika Lejio alijifunza kwamba kumtumikia Mungu ni kumtumikia jirani. Kutoka hapo akaenda Loreto Limuru. Mwaka wa 1960 akawa mmoja wa vijana karibu 300 waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani. Akapokewa na masista Wabenedikto katika chuo cha Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, jimbo la Kansas, akapata digrii ya biolojia mwaka wa 1964, kisha ya pili kule Pittsburgh. Mwaka wa 1971 alipata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kuipata. Kwa hiyo tukitoa shukrani tusiwasahau masista. Wengi wao majina yao hayajulikani, nao walifundisha msichana mmoja sayansi kana kwamba hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Alikuwa na kiti chake, akauliza juu ya wengine

Sasa hapa ndipo wengi huruka. Wanatoka shahada ya udaktari wanaenda moja kwa moja kwenye miti. Katikati kuna jambo.

Wanawake waliofundisha chuo kikuu wakati ule hawakupewa haki sawa na wenzao wa kiume. Mwanamke aliyeolewa ilidhaniwa kwamba mume wake ndiye wa kumpa nyumba, basi marupurupu ya nyumba yalikuwa ya wanaume. Kazi ni ile ile, wanafunzi ni wale wale, lakini bahasha si ile ile. Wangari na mwenzake Vertistine Mbaya wakaanza kuuliza kwa nini. Wakafika hadi kutaka chama cha wahadhiri kigeuzwe kuwa chama cha wafanyakazi ili kiweze kudai haki hizo. Korti ikakataa. Lakini baadaye mengi kati ya waliyodai yalikubaliwa.

Angeweza kunyamaza. Mwaka wa 1976 alikuwa mkuu wa idara, mwanamke wa kwanza pale kupata cheo hicho. Mtu akishafika juu hivyo, mara nyingi husema, "Mimi nilijikaza, na wao wajikaze." Hata katika vikundi vyetu yuko mama ambaye akishapata ng'ombe wa maziwa hajali tena zamu ya mwenzake. Sitaji mtu.

Kila mche na hesabu yake

Kazi yake ya utafiti ilikuwa juu ya kupe na ugonjwa wa ng'ombe. Alipokuwa akizunguka vijijini kukusanya kupe aliona ng'ombe wamekonda na mito imekuwa rangi ya udongo baada ya mvua. Wakati huo huo, katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, akawasikia wanawake wa mashambani wakitaja shida zao: hakuna kuni, maji ni mbali, chakula cha kujenga mwili kimepungua kwa sababu shamba limejaa chai na kahawa. Hakuwahubiria. Alisikiza kwanza, kisha akasema, kwa nini tusipande miti?

Tarehe 5 Juni 1977 wakapanda miti 7 Kamukunji, Nairobi, kwa kuwaheshimu mashujaa 7 wa jamii mbalimbali za Kenya. Mitano ikafa baadaye. Nawaomba mkae na jambo hili kidogo, nyinyi tunaopiga makofi pamoja tarehe 3 Machi. Hata Wangari alipanda siku ya sherehe na mingi ikakauka. Tofauti ni kwamba alijifunza. Aliona mti wa sherehe hauna mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hakinyweshwi maji.

Kwa hiyo akaenda kwa wanawake. Alipofika kwa mkuu wa idara ya misitu na kusema anataka miche milioni 15, yaani mche mmoja kwa kila Mkenya wa siku zile, mkuu alicheka, akamwambia atapewa yote bure kutoka vitalu vya serikali. Haukupita mwaka akaomba walipe, maana akina mama walikuwa wanamaliza miche! Ndipo wakaamua kuotesha yao.

Maafisa wa misitu wakaja kuwafundisha. Wakaongea juu ya mteremko wa ardhi na vifaa maalumu, maneno makubwa makubwa, mpaka akina mama wakachanganyikiwa. Tena wataalamu hao walisema kuotesha miti kunahitaji mtu mwenye diploma. Hapo mimi nacheka na kuona aibu pamoja, kwa sababu diploma ninayo, na najua vile inavyoweza kumfanya mtu aongee na mama wa miaka 60 kana kwamba hajawahi kushika jembe. Wangari akawaambia watumie akili ya kawaida ya mkulima. Mnajua kupanda maharagwe na mahindi, mti pia ni mbegu. Wakakusanya mbegu msituni na mashambani, wakaotesha katika vyungu vilivyopasuka na makopo ya zamani, wakaviweka juu mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Yeye aliwaita wataalamu wa misitu wasio na diploma.

Na hapa ndipo kiini cha somo kilipo. Aliwalipa. Si pesa nyingi, kama senti 4 za Kimarekani kwa kila mche. Lakini ilikuwa kwa mche uliotolewa kitaluni, ukapandwa, ukashika. Uliokufa haukulipwa. Kwa hiyo ilibidi mtu aende ahesabu. Mche wa nani huu? Umeshika? Andika. Kikundi kikawa na daftari, daftari likawa na jina la mwanamke, na kando ya jina idadi ya miche yake.

Kuna wanaosema senti nne ni nini. Nawaambia, fikirini mama ambaye tangu aolewe amelima, amekama, amebeba kuni, na hakuna mahali popote jina lake liliandikwa kando ya kazi yake. Hata mahindi yakienda sokoni risiti ni ya mzee. Halafu siku moja mtu kutoka Nairobi anakuja anamwuliza, "Yako ni mingapi?" Swali lile, kwa maoni yangu, lilimfikisha mbali kuliko zile senti.

Niliwahi kufanya kazi na mradi mmoja wa maji, zamani kidogo. Akina mama walichimba mtaro karibu wote na kubeba mawe kwa mgongo. Siku ya kufungua, kamati ilikuwa ya wanaume tisa na mwanamke mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyepika chai. Ripoti ikaandikwa "jamii ilichangia kazi". Jamii! Mimi ndiye niliyeiandika ripoti hiyo, na sikuona kosa wakati ule. Nimekumbuka neno hilo mara nyingi tangu nianze kuwasomea vikundi habari za Wangari.

Mpaka anapewa tuzo ya Nobeli ya amani mwaka wa 2004, Mwafrika mwanamke wa kwanza kuipata, miti iliyopandwa na wanawake hao ilikuwa imefika kama milioni 30. Siku habari zilipomfikia alikuwa safarini kuelekea Nyeri, akashuka akapanda mti wa nandi flame katika bustani ya hoteli ya Outspan.

Alichotozwa

Tusifikiri alipita njia laini. Mwaka wa 1979 ndoa yake ilivunjwa kortini, na kesi ikawa gazetini kila siku. Akamkosoa hakimu katika mahojiano na jarida moja, akahukumiwa miezi 6 kwa kuidharau korti, akakaa siku 3 katika gereza la wanawake la Lang'ata kabla ya kuachiliwa. Mume akataka asitumie tena jina lake la Mathai. Akaongeza herufi moja tu, likawa Maathai, akaendelea nalo. Ukiliona jina hilo na "a" mbili, sasa unajua historia yake.

Mwaka wa 1982 aliacha kazi ya chuo ili agombee kiti cha bunge, kama sheria ilivyotaka. Akaambiwa hajaandikishwa kupiga kura, kwa hiyo hawezi kusimama. Aliporudi chuoni kuomba kazi yake, ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Alikuwa ametumikia miaka 16. Tena akatakiwa atoke katika nyumba ya chuo. Kwa hiyo akawa hana mume, hana kazi, hana nyumba, na watoto watatu. Wakati huo wote kazi ya vitalu iliendelea.

Mwaka wa 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, wabunge walimtukana bungeni na kucheka kwamba ameachwa. Rais wa wakati ule, Daniel arap Moi, alisema hadharani kwamba kwa mila ya Kiafrika mwanamke anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza. Mradi ukaachwa. Nyinyi mnaoenda Nairobi na kupumzika chini ya miti pale Uhuru Park mkingoja gari la jioni, mnakalia kazi yake.

Lakini linalonigusa zaidi ni la 1992. Akina mama wazee wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wa kutoka mashambani, walikuja Nairobi kudai watoto wao waachiliwe. Wangari akaenda nao. Tarehe 28 Februari wakaketi Uhuru Park wakafunga kula. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na marungu na moshi wa kutoa machozi. Wangari alipigwa mpaka akazimia, akapelekwa hospitali. Baadhi ya wale wazee wakavua nguo zao mbele ya askari, na kila Mkenya anajua laana ya mama kufanya hivyo mbele ya watoto wake. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi; nakumbuka watu wazima wakinong'ona na kunyamaza tukiingia. Wale akina mama wakahamia kanisa la All Saints Cathedral la ndugu zetu Waanglikana, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakiwadai waliachiliwa.

Mmeona tarehe? Ni 3 Machi, siku yetu ya kupanda miti. Nimeshapanda miti siku hiyo miaka mingi bila kujua.

Sheria imefika wapi

Turudi kwa yule mama wa miti 31. Wakati Wangari anasimama kortini mwaka wa 1979, mambo ya mali ya mume na mke nchini Kenya yaliamuliwa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1882. Hebu fikirini. Sheria hiyo tuliishi nayo mpaka 2013. Na hata mwaka wa 2007 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Echaria, ilisema mke ambaye hakutoa pesa za kununua mali hawezi kupata fungu kwa sababu tu ya kazi yake ya kuwa mke.

Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa, na ndoa ikivunjika. Kisha ikaja Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Hiyo inasema mchango si pesa peke yake. Kazi ya nyumbani ni mchango. Kulea watoto ni mchango. Kuwa mwenzi ni mchango. Kusimamia biashara au mali ya familia ni mchango, na kazi ya shambani pia imetajwa kwa jina lake. Tena inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa isiuzwe wala kukodishwa wala kuwekwa rehani bila mwenzi mwingine kukubali.

Sasa sikizeni vizuri, kwa sababu hapa akina mama hudanganyana. Sheria haisemi kila mtu apate nusu. Mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Ogentoto, ilieleza kwamba usawa hauna maana ya kugawa nusu kwa nusu papo hapo. Kila mmoja anapata kulingana na mchango wake, na mchango lazima uonyeshwe. Kuonyeshwa kwa nini? Kwa risiti, kwa mashahidi, kwa maandishi. Mimi si wakili, na kila nyumba ina mambo yake. Mwenye shida kubwa amwone anayetoa msaada wa sheria kabla hajatia sahihi kitu chochote. Lakini jambo hili naweza kulisema bila kuwa wakili: mama ambaye kazi yake haijaandikwa popote atahangaika kuieleza.

Mnaona sasa kwa nini nilikaa sana pale kwenye daftari.

Kazi ya kikundi

Mwezi huu kila kikundi kitoe daftari lake la miche. Yale mengi niliyoyaona yameandikwa "miche 400, imepandwa". Pigeni mstari, muanze ukurasa mpya. Andikeni jina la mama, aina ya mti, mwaka aliopanda, mahali ulipo, na kama umeshika. Wawili wa kikundi waende wakaone kwa macho yao, waweke sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na amwite mtoto wake amsomee kilichoandikwa kabla ya kuweka. Mama ambaye ana ng'ombe au nyanya badala ya miti, aandike hivyo hivyo: nani alinunua, nani analisha, tangu lini. Nawaomba msifanye kwa siri. Mzee akiuliza daftari hilo ni la nini, asomewe. Daftari la kufichwa huleta ugomvi nyumbani kabla halijasaidia mtu.

Kisha someni Hesabu 27:1-11, habari za binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume. Hawakulalamikia kisimani, walikwenda mbele ya Musa na wazee na mkutano wote, mlangoni pa hema. Ulizaneni: kwa nini walikwenda watano pamoja na si mmoja? Musa alifanya nini aliposhindwa kujibu? Mungu alisema nini juu ya madai yao? Na katika kijiji chetu, mlango wa hema ni wapi, ni kwa naibu wa chifu, kwa wazee wa ukoo, kwenye bodi ya ardhi, au kanisani? Wanaume waliopo wajibu swali moja la peke yao: nyumbani kwako kuna kitu gani ambacho mkeo amekihangaikia miaka na wewe unaweza kukiuza leo bila kumwambia?

Swali hilo nililijaribu kwanza katika kikundi cha yule mama. Tulimwalika mzee wake, pamoja na katekista ambaye wanaheshimiana. Mara ya kwanza hakuja. Mara ya pili alikuja akachelewa, akaketi karibu na mlango, kofia magotini. Katekista hakumhukumu. Alisoma tu daftari, jina kwa jina, mpaka akafika kwa mkewe: mukima 31, imepandwa miaka 12 iliyopita, imekatwa. Mukima 11, midogo, iko kando ya mto. Parachichi 4.

Mzee akasema pesa zilienda kwa deni la karo, na kwamba hakujua mke angeumia hivyo, maana hakuwahi kusema. Mama akasema, "Baba nanii, na wewe hukuwahi kuuliza." Watu wakacheka kidogo, hata yeye mzee. Mwisho alikubali ile 11 iandikwe jina la mkewe na isiguswe bila wawili kukubaliana, akaweka sahihi mwenyewe. Ile 31 hatukuweza kuirudisha. Wiki iliyopita nilipita hapo nikamkuta mama akichimba mashimo katikati ya visiki. Miche ilikuwa ndani ya makopo ya mafuta ya kupikia, juu ya kichuguu, mbali na mbuzi.